Nani alimtoa mtoto jikoni? Historia ya nyungu na mwiko mu Lubumbashi

Kuna msomaji atakayeuliza: jiko nalo ni historia? Katika vitabu vya masomo tulifundishwa vita, mikataba, majina ya magavana na mwaka ule reli ilipofika. Juu ya bukari, vitabu vile vilinyamaza. Tukafika ukubwani tukijua nani alitia sahihi mkataba kule Ulaya, lakini bila kujua unga uliokuwa ndani ya nyungu ya kambo yetu ulitoka wapi, wala ni nani aliyekuwa amekaa pembeni ya nyungu ile.

Habari hii ilianza katika mkutano wetu mmoja. Tulikuwa tunatafuta ni mila gani tuwaachie watoto. Mmoja akasema ngoma. Mwingine akasema luga, juu watoto wa leo wanachanganya Kiswahili na Kifaransa mpaka kambo hasikii kitu. Wa tatu akasema majina. Ndipo mama mmoja mzee, aliyekuwa amenyamaza tangu mwanzo, akauliza: "Na kupika? Ni nani anabafundisha kupika?" Tulicheka kidogo. Baba mmoja akajibu kama hiyo ni kazi ya bibi-arusi, mama mkwe atamfundisha. Yule mama hakucheka. Akasema: "Miye niko naona batoto banane mu lupango yetu. Mama yabo akienda Kasumbalesa siku mbili, bote banalala na njala, na bunga iko mu saki."

Maneno yale yalitufuata mpaka nyumbani. Tukaanza kuulizana, na kuuliza wazee, ni wakati gani mtoto wa kwetu aliondoka jikoni, na nani alimtoa. Haya tunayoandika ni matunda ya maulizo yale.

Kwanza sherti tuseme neno ambalo halitapendeza wote. Watu wanapenda kusema kama bukari ya mahindi na sombe ni chakula cha mababu tangu kuumbwa kwa dunia. Si hivyo. Mahindi na mihogo vilitoka Amerika, vikavuka bahari pamoja na biashara ya Wareno, vikaingia kwetu kidogo kidogo kupitia upande wa Atlantiki na Angola. Kabla yake nafaka za huku zilikuwa mtama na ulezi. Basi chakula chenyewe kilibadilika. Kilichodumu zaidi ni namna ya kukitayarisha: mikono mingi, na kati yake mikono midogo.

Wazee waliokulia vijijini wanaeleza mambo yale karibu sawasawa, wawe wametoka upande wa Luapula au upande wa Lomami. Jiko lilikuwa nje, au chini ya kipaa kisicho na mlango. Mafiga matatu, moto katikati. Mtoto hakuitwa kuja kujifunza. Alikuwa pale tayari, juu mama yake alikuwa pale. Mtoto wa miaka mitatu ao mine alipewa fimbo afukuze kuku wasile unga ulioanikwa juani. Akikua kidogo anapasua karanga, na kila tano anazopasua anakula mbili, hakuna anayemkemea sana. Halafu anachambua majani. Halafu anatumwa moto kwa jirani, kaa moja jekundu juu ya kigae, na hapo anajifunza kutembea bila kukimbia. Kufika miaka saba ao minane anapewa mutwangio mwepesi, anasimama mbele ya mama ao yaya yake, wanatwanga kwa zamu ndani ya kinu kimoja: mmoja anainua, mwingine anashusha. Ukikosa zamu yako, mitwangio inagongana na mikono inauma. Hakuna mwalimu aliyekuwa mkali kuliko kinu.

Tunapenda kukazia jambo moja hapa, kwa sababu ndilo lililosahauliwa. Mtoto mwanaume naye alikuwa pale. Kweli, umri ulipofika alitoka kuwafuata wanaume. Lakini hata kule hakuachana na moto. Wawindaji na wavuvi wanalala porini ao kando ya maji siku nyingi, na huko hakuna mama wa kuwapikia. Vijana wakitega ndege na panya wanachuna wenyewe, wanachoma wenyewe. Mwanaume aliyeshindwa kujipikia uji porini alikuwa mzigo kwa wenzake. Hatusemi kama kazi ya jiko iligawanywa sawasawa kati ya mke na mume. Haikugawanywa, na wamama walichoka. Tunasema tu kama ujuzi wenyewe haukuwa na jinsia.

Sasa tuingie mjini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Élisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa. Wafanyakazi wa miaka ile waliletwa peke yao, wanaume bila wake, wengi kutoka Rhodesia ya Kaskazini na kutoka vijiji vya mbali. Chakula chao kilikuwa posho: unga uliopimwa, chumvi, maharagi, samaki mkavu, nyama mara moja moja. Mahindi mengi yalikuja na treni kutoka Rhodesia. Samaki alitoka Kasenga, kando ya Luapula, ambako wafanyabiashara Wagiriki walimnunua na kumleta mjini; ndiye mpumbu, ambaye alivuliwa mpaka akapungua sana mtoni. Ndani ya kampi zile mwanaume alipika, kwani nani mwingine angepika? Walijiunga watu wachache, nyungu moja, zamu kwa zamu. Mila ya wawindaji iliingia mgodini.

Halafu siasa ikageuka. Kampuni iliona kama mwanaume anayekuja miezi michache na kurudi kijijini anagharimu sana, na anakufa sana. Kuanzia mwaka 1928 hivi ilianza kukaza kazi ya kuwafanya watu waikale: kandarasi ndefu, nyumba ya familia, mke, hospitali, masomo. Daktari Léopold Mottoulle, mmoja wa wakubwa wa siasa ile, aliitetea waziwazi: familia yenye afya inatoa mfanyakazi mwema leo na mwingine kesho. Ndipo posho ikaanza kuhesabu mke, na kuhesabu mtoto. Kila kichwa na kipimo chake.

Hatutaki kuwa watu wasio na shukrani. Wazee wetu wengi walipona kwa sababu ya posho ile na hospitali ile. Lakini tuangalie ilifanya nini jikoni. Unga ulikuja umeshasagwa. Kinu kikapoteza nusu ya kazi yake, kikabaki kwa sombe na karanga tu. Hakuna unga wa kuanika, basi hakuna kuku wa kufukuza. Hakuna shamba mlangoni, basi hakuna majani ya kuchuma. Kazi zote ndogo zilizokuwa za mtoto ziliondoka, moja baada ya moja, bila mtu kutangaza kitu. Mtoto akabaki na kazi moja: kungojea. Alingojea baba arudi, alingojea mama aite. Chakula, kwa macho yake, kilikuwa kitu kinachotoka kwa kampuni ndani ya saki.

Na mahali pengine palipokuwa na mafundisho ya kupika, yalitolewa kwa upande mmoja. Katika foyer social wamama na wasichana walifundishwa kushona, kupiga pasi, kuogesha mtoto, kupika kwa usafi. Vijana wanaume walipelekwa ku atelie. Hivyo mwiko ukawa chombo cha mwanamke kwa amri ya programu, si kwa amri ya mababu. Wengi wetu tulidhani kinyume chake maisha yetu yote.

Jambo la kuchekesha, na tunaliandika bila kumdharau mtu, ni kuhusu wapishi. Ku nyumba za Wazungu, aliyepika alikuwa mwanaume. Mpishi, kuki, baba mwenye koti jeupe, aliyejua supu, mchuzi wa siagi, keki ya siku ya kuzaliwa. Alipata mshahara kwa kupika. Jioni alirudi Kamalondo ao Kenya, akakaa kwenye kiti, akangojea bukari. Mmoja wetu alikuwa na kambo wa namna ile. Anasema hakumwona hata siku moja akigusa nyungu ya nyumbani. Mikono iliyojua kupasua yai bila kuvunja kiini haikuwafundisha watoto wake hata kuchemsha maharagi. Tulipomuuliza kwa nini, akajibu: "Kule ilikuwa kazi." Alidhani ametujibu.

Baada ya uhuru, mwaka 1967, kampuni ikawa mali ya Serikali, na baadaye ikaitwa Gécamines. Posho ya unga iliendelea. Sisi wengine tulikulia katika miaka hiyo, na hatuwezi kudanganya: tulikula. Siku ya saki kuingia nyumbani ilikuwa siku ya furaha. Mtoto wa Gécamines alijulikana barabarani kwa viatu na kwa mashavu. Lakini kama tunakumbuka jiko, tunakumbuka mlango wake. Mtoto mwanaume akisogelea mbabula, anasikia: "Toka apa! Unataka kuwa mwanamuke?" Mama alisema kwa mzaha. Baba alisema bila mzaha. Tukaenda kucheza mpira.

Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka uliofuata, 1991, mji ukaporwa. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu Wakasai walifukuzwa, maelfu wakalala siku na siku kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wamama walipika chini, kati ya mizigo, na chakula chochote kilichopatikana. Mambo ya 1992 yana mahali pake, na hapa tunapita tu. Lakini kwa habari ya jiko, miaka ile ndiyo mtihani. Mishahara ilichelewa miezi, halafu miaka. Saki haikuingia tena. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipewa pesa kidogo na kuondoka kazini. Mpango ule uliitwa "kuondoka kwa hiari", na kila mtu mjini anajua hiari ile ilikuwa na uzito gani.

Baba alikaa nyumbani. Mama akatoka. Aliuzisha unga kwa meka, makala kwa saki ndogo, nyanya, bitoyo, mafuta. Alivuka mpaka Kasumbalesa. Alirudi usiku. Na ndani ya nyumba alibaki mwanaume mwenye nguvu zote, na vijana watatu wanne wenye afya, na hakuna hata mmoja aliyejua kupika bukari.

Tunajua kama hili si jambo la familia moja. Lakini tutaeleza ya familia moja, ya mmoja wetu, kwa ruhusa yake. Walikuwa watoto sita. Yaya yao, msichana wa kwanza, alikuwa mwaka wa tatu wa sekondari, na alikuwa wa kwanza ao wa pili darasani. Mama alipoanza safari za mpakani, yaya ndiye alibaki na jiko. Mwanzoni alikosa masomo siku ya Jumanne na ya Alhamisi. Halafu wiki nzima. Mwisho wa mwaka hakwenda kuchukua matokeo. Hakuna aliyemwambia aache. Hakukuwa na mkutano, hakukuwa na uamuzi. Ndugu zake wawili wanaofuata, wa miaka kumi na tatu na kumi na moja, waliendelea na masomo, juu hawakujua kupika. Kutojua kwao ndiko kulikowaokoa. Leo mmoja ni mwalimu. Ndiye aliyetueleza habari hii, na alipofika hapa alinyamaza, halafu akasema: "Bukari ni dakika makumi mbili. Tungaliweza kujifunza siku moja."

Katika nyumba ile ile kulitokea jambo lingine. Siku moja yaya aliugua malaria. Kijana wa miaka kumi na moja akaamua kupika sombe. Alikuwa ameona majani yakiingia ndani ya nyungu na mboga ikitoka, basi alifikiri katikati hakuna neno. Aliyakata kwa kisu badala ya kutwanga, akayachemsha mpaka yalipobadilika rangi, akapakua. Yalikuwa machungu. Wadogo wawili walitapika usiku mzima. Walipona, asante Mungu.

Sombe si mboga ya haraka. Majani ya muhogo yana sumu ndani yake, na muhogo mchungu unayo hata kwenye mizizi. Kutwanga kunavunja jani ili sumu ianze kutoka. Maji ya moto na muda vinamaliza kazi. Ndiyo maana wazee walitwanga mpaka jani lipotee kabisa, wakachemsha saa nzima na zaidi, na mfuniko ukiwa wazi mwanzoni. Hawakujua jina la sumu, lakini walijua saa. Kule Kahemba, katika Kwango, kuna ugonjwa unaoitwa konzo. Daktari Trolli aliuandika tangu 1938. Unakamata miguu ghafula, zaidi ya watoto na ya wamama vijana, na miguu haifunguki tena. Unatoka ku muhogo mchungu uliolowekwa muda mfupi, kwa watu ambao hawana samaki wala nyama ya kuusaidia mwili. Watafiti waliona kama barabara ilipofanya biashara ya mihogo kuwa ya haraka, siku tatu za kuloweka zilikatwa zikawa moja. Katika miaka ya 2010 wamama wa kule walifundishwa njia nyepesi: kuchanganya unga na maji, kuutandaza mwembamba juu ya mkeka, kuuacha saa mbili juani ao saa tano kivulini, ndipo wausonge. Sumu inapanda na hewa. Njia hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kuifanya, na kuikumbuka.

Basi mtu akituambia kama kupika na watoto ni mchezo wa watu wenye nafasi, tunamrudisha kwa kijana yule wa miaka kumi na moja.

Tumejaribu, katika nyumba zetu wenyewe, kurudisha watoto jikoni. Hatukufanikiwa kila mara. Hapa tunaeleza tuliyoona, kwa kufuata vyakula ambavyo kila lupango inavijua.

Ukianza na mtoto mdogo, anza na lengalenga. Haina hatari, inaiva upesi, na kazi yake kubwa ni ya vidole: kuchambua jani, kutupa shina gumu, kuosha mara tatu mpaka mchanga uishe chini ya beseni. Mtoto wa miaka mine anafurahi sana na maji, atakulowanisha, acha. Mkubwa kidogo anakata nyanya na kitunguu kwa kisu kisicho na ncha. Wewe unabaki na mafuta na moto. Ngai-ngai nayo ni vile vile, ila inapungua sana ndani ya nyungu, na watoto wanashangaa: beseni nzima imekuwa sahani moja! Somo la hesabu hilo, na halina daftari.

Maharagi yanafundisha kungojea. Jioni mtoto anamimina juu ya meza, anatafuta mawe, anatoa yaliyotobolewa. Katika nyumba moja waliweka zawadi: anayepata jiwe anahesabiwa pointi. Tangu siku ile hakuna aliyevunja jino. Yanalala ndani ya maji usiku, na asubuhi mtoto mwenyewe anakwenda kuona namna yalivyovimba. Kulowesha kunapunguza makala pia, na kwa bei ya makala mu Lubumbashi, ambako pori linakatwa mbali zaidi kila mwaka, hilo si jambo dogo.

Sombe ni ya siku ya mapumziko, wakati kuna watu wengi. Wadogo wanachuma jani kutoka kwenye kikonyo, wakubwa wanatwanga kwa zamu. Siku hizi sokoni wanaisaga kwa mashini, na hatuwalaumu wanaonunua, hata sisi tunanunua. Lakini angalau mara moja kwa mwezi mtoto atwange mwenyewe, aone jani linavyobadilika harufu. Halafu apewe kazi ya saa: aangalie saa ya ukutani, aseme imeingia lini ndani ya maji na inatoka lini. Mafuta ya ngazi, karanga zilizotwangwa, kitunguu, kapenta kama iko. Mtoto anayejua kama sombe inahitaji saa nzima hatawapa wadogo zake majani machungu.

Na bukari yenyewe? Hapa tulibishana sana. Wengine walisema mtoto asiguse mwiko kabla ya miaka kumi na miwili, juu uji wa mwanzo unarukaruka na kuunguza kama mafuta. Wana haki. Mbabula iko chini, inafika kwenye kifua cha mtoto mdogo, inapinduka kwa mguu mmoja. Sheria tulizokubaliana ni hizi: mbabula inakaa nje ao mlangoni, kamwe si ndani ya chumba kilichofungwa, juu makaa yana hewa isiyoonekana inayolaza watu wasiamke, mtoto wa chini ya miaka minane anakaa hatua tatu mbali nayo, hakuna nailoni wala nguo inayoning'inia. Lakini mtoto wa miaka sita anaweza kuchunga unga, kupima kwa kikopo, kutia konzi ya kwanza ndani ya maji yakiwa bado ya vuguvugu. Wa miaka kumi anaweza kusonga sufuria ndogo, ya watu wawili, mtu mzima akishika masikio ya sufuria kwa kitambaa. Wa miaka kumi na miwili asimame peke yake. Ataleta mabuje. Wote tulileta mabuje.

Kuna mengine ambayo hatukuyajaribu vya kutosha. Kikanda, kwa mfano, ambayo watoto wote wanaipenda na karibu hakuna mzazi kijana anayejua kuipika. Wanainunua barabarani imekatwa vipande. Munkoyo pia. Tutarudi juu yake siku nyingine, kama wamama wanaozijua watakubali kutufundisha sisi kwanza.

Wazazi wanatupa sababu, na sababu zao ni za kweli. Tangu elimu ya msingi ifanywe bure mwaka 2019, madarasa mengi yamejaa, watoto wengine wanasoma asubuhi, wengine mchana, na familia haipatani hata saa moja mchana. Unga ukipanda bei, kama inavyotokea Zambia ikifunga mpaka kwa mahindi yake, hakuna mama anayetaka mtoto amwage hata kikopo kimoja. "Bunga ya kujifunza nayo, niitoe wapi?" mmoja alituuliza. Hatukuwa na jibu zuri. Tulimwambia tu aanze na majani, juu jani likiharibika hasara si kubwa. Alituangalia kwa huruma.

Na wababa? Kati ya wanaume kumi na mmoja tuliokuwa katika mkutano wa pili, wanne walikubali kama wanajua kupika bukari, na wawili kati ya hao walijifunza kazini, mbali na nyumbani, kwenye machimbo ya mkono kule upande wa Kolwezi. Wanaume peke yao, nyungu moja, zamu kwa zamu, sawa vile wazee wa posho ya kwanza. Walipika kule miaka mitatu. Wakirudi nyumbani, walikaa kwenye kiti.

Yule baba aliyesema kama kupika ni kazi ya bibi-arusi hakubadilisha neno lake mbele yetu, na hatukumlazimisha. Ila Jumapili moja tulipita kwake Katuba bila kumwarifu. Mke wake alikuwa kilioni tangu Ijumaa. Ku lupango tulikuta mbabula nje, kijana wake wa miaka kumi na mmoja amesimama na mwiko mkononi, na baba amepiga magoti chini, ameshika masikio ya sufuria kwa shati lake la zamani. Msichana wake wa miaka mitano alikuwa kwenye ngazi ya mlango, hatua tatu kamili, anachambua lengalenga na kuimba. Baba alitazama juu, akatuona, hakusema kitu. Kijana ndiye aliyesema: "Papa, imeanza kukaza, usiache." Tulikaribishwa. Bukari ilikuwa na mabuje mengi, na upande mmoja ilikuwa mbichi. Tulikula yote, na kijana alituhesabu tonge kwa tonge.